Treni Iliyokwisha Kufika

Nchi yenyewe ipo, ila ramani yake imezuiwa isichapishwe mpaka Wizara ya Mipaka ipatane na Wizara ya Milima. Itoshe kusema kwamba ina rais mmoja, mito mingi na njia moja ya reli, na kwamba katika hivyo vyote ni mito tu inayokwenda bila kuomba kibali.

Shirika la reli la nchi hiyo lilikuwa na injini nne zinazotembea, madereva kumi na wanne, na maofisa wa nidhamu mia mbili na watatu. Wageni walioona idadi hiyo walidhani ni kosa la uchapaji. Wenyeji waliielewa vizuri. Injini ikiharibika inaweza kungoja vipuri miaka sita na taifa lisidhurike, lakini dereva akiharibika, yaani akianza kufikiri, hakuna karakana ya kumtengeneza.

Sefania Mbelwa alikuwa ameendesha treni miaka ishirini na saba bila kuharibika. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye aliweza kutambua gurudumu lililolika kwa kulisikia tu. Hakuwa mbishi hata kidogo. Alipoamriwa kuvaa tai ndani ya joto la injini, alivaa. Alipoamriwa kupiga honi mara tatu kila akipita mbele ya nyumba ya mjomba wa Waziri, alipiga, ingawa mjomba mwenyewe alikuwa kiziwi. Jambo moja tu lilikuwa limemshinda maishani, nalo ni kuua watu. Kwenye usaili hakuna aliyemuuliza habari hiyo, kwa hiyo hata yeye hakujua kwamba ni upungufu wa kikazi.

Upungufu huo ulijitokeza Jumanne moja asubuhi, baada ya mvua ya siku tisa. Sefania alikuwa akivuta mabehewa manane yenye abiria mia tatu na kumi na wawili. Alipoipita stesheni ndogo ya Kisiki na kuanza kuteremka kuelekea daraja la mto Lwambi, aliona kitu kilichomfanya avute breki mpaka vyombo vya abiria vikadondoka. Alishuka pamoja na Bi Mwantumu, gadi wa treni, mwanamke mfupi aliyekuwa akifunga na kufungua milango ya mabehewa tangu ujana wake. Wakatembea kwa miguu hadi ukingoni.

Nguzo ya pili ya daraja haikuwapo. Reli zilikuwapo, mataruma ya kulazia reli yalikuwapo, lakini vyote vilining'inia juu ya maji ya matope kama nguo kwenye kamba, vikipepesuka kwa upepo.

"Hapa hata mbuzi hapiti," alisema Bi Mwantumu.

Sefania alirudi kwenye injini akashika redio, akamwita Msimamizi wa Safari, Bwana Anselmi Kitundu, aliyekuwa makao makuu, mwendo wa saa tano kutoka pale, kwenye ofisi yenye zulia.

"Bwana Msimamizi, daraja la Lwambi limekatika. Naomba ruhusa ya kurudisha treni Kisiki."

Redio ilikoroma kidogo. Kisha sauti ya Bwana Kitundu ikaja, tulivu, ya mtu anayekunywa chai. "Daraja hilo lilitengenezwa mwezi wa tatu. Ripoti ninayo hapa mezani. Ina picha."

"Picha ya daraja lipi, bwana?"

"Ya daraja."

"Mimi nipo hapa. Nguzo ya pili imekwenda na maji."

"Sikiliza, dereva. Treni yako imekwisha kufika. Nimetuma taarifa ya kufika kwake tangu ilipoondoka, ndio utaratibu mpya wa kuokoa muda. Saa hizi Mheshimiwa Waziri anaisoma bungeni. Unataka Mheshimiwa aonekane mwongo?"

"Sitaki, bwana."

"Basi vuka. Hiyo ni amri."

Sefania aliangalia kioo cha pembeni. Katika behewa la kwanza mama mmoja alikuwa amemtoa mtoto dirishani nusu mwili, akimwonyesha mto. Sefania alijibu, kwa heshima zote alizofundishwa, kwamba amri ameisikia na hataitekeleza. Kisha akairudisha treni kinyumenyume hadi Kisiki, taratibu, kama mtu anayembeba mgonjwa.

Abiria walipoambiwa walivyonusurika walilia. Bwana mmoja mfanyabiashara wa vitunguu, aitwaye Shomvi, alimkumbatia Sefania kiunoni, kwa kuwa alikuwa mfupi, akasema mtoto wake wa kwanza atakayezaliwa atamwita Sefania, awe wa kiume au wa kike.

Tatizo lilianza pale abiria walipotaka kurudi walikotoka. Karani wa tiketi alikagua daftari lake, akawaeleza kwa upole kwamba hawezi kuwakatia tiketi, kwa sababu wao hawapo Kisiki. Walifika upande wa pili wa mto saa nne asubuhi, na Bunge lilishapiga makofi.

Kwa hiyo abiria mia tatu na kumi na wawili, ambao hawakuwapo, walikaa kwenye jukwaa la stesheni siku mbili, wakila vitunguu.

*

Alhamisi ikaja Kamati ya Nidhamu. Walikuja kumi na mmoja, kwa magari, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiamini treni. Mwenyekiti alikuwa Dokta Perepetua Ngaiza, aliyepata shahada yake ya juu kwa utafiti wa miaka saba kuhusu pembe sahihi ya mkono wakati wa kumpigia saluti mkubwa aliyeketi. Walipanga meza katika ukumbi wa abiria, wakaweka kitambaa cha kijani, maji ya chupa, na kitabu cha Kanuni za Utumishi Mwema, ambacho kilibebwa na watu wawili.

Sefania aliitwa. Alikuja na picha alizopiga Bi Mwantumu kwa simu yake. Hazikupokelewa. Dokta Ngaiza alieleza kwamba daraja lipo chini ya Wizara ya Ujenzi, na kamati yake, kwa kuheshimu mipaka ya kazi za wengine, haiwezi kuliangalia daraja.

"Tupo hapa kwa jambo dogo tu," alisema. "Ulipopewa amri, uliisikia?"

"Niliisikia."

"Uliielewa?"

"Niliielewa."

"Ukaitekeleza?"

"Sikuitekeleza, kwa sababu..."

"Mtuhumiwa ameomba kuongeza maneno," Dokta Ngaiza alimwambia karani. "Andika kwamba ameomba. Usiandike maneno yenyewe."

Mjumbe mmoja wa kamati, kijana aliyekuwa bado mgeni katika utumishi, aliuliza kama si vigumu kidogo kumhukumu mtu kwa kukataa kuvusha treni ambayo, kwa mujibu wa taarifa rasmi, ilivuka. Dokta Ngaiza alimtazama kwa huruma.

"Treni ilivuka kwa nguvu ya amri," alisema. "Dereva hakuvuka kwa udhaifu wa nidhamu. Ni mambo mawili tofauti."

Kijana aliandika hayo kwenye daftari lake, na tangu siku ile akaonekana mtu mwenye mustakabali.

Chama cha wafanyakazi kilimleta mtetezi, Bwana Makwaya, aliyevaa suti ya rangi ile ile ya kitambaa cha meza. Alisimama akafunga kifungo, akasema chama kinalaani vikali kitendo cha mwanachama wake, na kwamba ombi lao ni moja tu: adhabu itakayotolewa iwe nzito lakini itangazwe kwa lugha ya staha. Ombi hilo lilikubaliwa. Bwana Makwaya alipoketi alimgusa Sefania begani, akamnong'oneza, "Tumejitahidi, ndugu."

Kisha akaitwa shahidi wa abiria. Alikuwa Bwana Shomvi. Asubuhi hiyo maofisa wawili wa nidhamu walikuwa wamekunywa naye chai, na sasa alikuwa na kadi mpya mfukoni, ya kusafiri daraja la kwanza mpaka mwisho wa uhai wake. Alitoa ushahidi huku akitazama dari. Alisema alisikitishwa sana kusimamishwa porini kama mzigo. Alisema yeye binafsi hakuona kasoro yoyote kwenye daraja.

"Uliliangalia?" Bi Mwantumu aliuliza kutoka nyuma ya ukumbi, bila kuombwa.

"Sikuliangalia," alijibu Shomvi, "ndiyo maana sikuona kasoro."

Sefania hakumchukia. Alimwangalia tu mikono, ile ile iliyokuwa imemshika kiunoni Jumanne, jinsi ilivyokuwa ikipapasa kadi ndani ya mfuko. Aliomba ruhusa ya kutoka nje. Alinyimwa.

Hukumu ilisomwa kwa lugha ya staha. Sefania Mbelwa alivuliwa udereva na kufanywa mfagizi wa jukwaa la Kisiki. Bi Mwantumu alipewa onyo la kuwa na macho makali kupita cheo chake. Mwisho, kamati iliagiza kwamba siku ya Jumamosi, saa nne kamili, treni ile ile yenye abiria wale wale ivuke daraja lile lile, ili mambo yaliyotokea yapate kutokea. Waziri mwenyewe angekuwa ng'ambo ya mto kuipokea, na bendi.

Na kwa kuwa uchunguzi ulionyesha kwamba chombo kilichotumika katika uasi kilikuwa breki, ofisa mmoja wa nidhamu alitumwa kwenye injini. Akaufunga mkono wa breki kwa nta nyekundu na kuupiga muhuri wa taifa. Ibara mpya ilitungwa papo hapo: atakayevunja lakiri hiyo atakuwa amelivunjia taifa heshima.

*

Dereva aliyepangiwa safari ya Jumamosi alikuwa Damasi Luhende. Sefania ndiye aliyemfundisha kazi, miaka kumi iliyopita. Damasi alikuwa mtu wa vichekesho, mwenye tumbo linaloanza kuchomoza, na mkewe Leokadia alikuwa na mimba ya miezi minane. Walikaa nyumba ya shirika, pale pale Kisiki, ukuta kwa ukuta na ghala la mataruma.

Jumamosi saa mbili asubuhi Damasi alimkuta Sefania akifagia maganda ya vitunguu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeliona daraja?"

"Nimekwenda kuliona jana." Damasi aliketi kwenye toroli ya mizigo. Hakuwa na kichekesho chochote siku hiyo. "Halipo."

"Basi kataa."

"Nimeona walivyokufanya wewe, mwenye miaka ishirini na saba. Mimi watanitoa na kwenye nyumba. Leokadia azalie wapi, kwenye ghala?" Alisugua uso kwa viganja. "Nimeshafikiri. Nitaondoka stesheni kama nilivyoamriwa. Nikifika kwenye mteremko nitasimama, niseme injini imegoma. Injini ikigoma si kosa la mtu."

"Utasimama kwa breki ipi?"

"Ile lakiri ni nta tu, mwalimu. Nitaigonga kwa spana, nitasema imeyeyuka kwa joto."

Sefania aliegemeza ufagio. "Na abiria?"

Damasi alitazama mabehewa, ambamo maofisa wa nidhamu walikuwa wakiwapakia watu kwa kusoma majina. Watu walipanda. Walikuwa wamechoka, wana njaa, na wameambiwa kwamba atakayebaki jukwaani atahesabiwa mzururaji. Shomvi alikuwa ameketi daraja la kwanza, dirishani, uso ukimtoka jasho.

"Mimi ni dereva," alisema Damasi polepole. "Kanuni zinanikataza kugusa kiungo cha mabehewa. Zinamkataza gadi pia. Nimezisoma jana zote. Mfagizi hazimtaji popote."

Damasi akanyanyuka, akamshika mkono mwalimu wake kwa mikono miwili, akaenda kwenye injini.

Saa tatu na dakika hamsini, wakati maofisa wote wamesimama wima upande wa jukwaa wakiimba wimbo wa shirika, Sefania aliingia na ufagio upande wa pili, baina ya injini na behewa la kwanza. Bi Mwantumu alikuwa ameshafunga breki za mabehewa yote, kwa kuwa onyo lake lilihusu macho na halikugusa mikono. Sefania alifunga bomba la hewa, akanyanyua pini ya kiungo, akatoka akifagia.

Honi ikalia. Injini ikaondoka peke yake. Mabehewa manane yakabaki kimya pale pale, na abiria mia tatu na kumi na wawili wakatazama injini yao ikitokomea kwenye kona. Maofisa waliendelea kuimba mpaka ubeti wa mwisho, kwani hairuhusiwi kuukatiza.

Sefania aliangusha ufagio akakimbia kufuata njia. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na hakuwa amekimbia kwa muda mrefu. Kutoka Kisiki hadi mtoni si mbali. Alitarajia kuikuta injini imesimama kwenye mteremko, na Damasi amekaa kwenye ngazi akitafuta uongo wa kusema. Badala yake alisikia honi. Ilianza fupi fupi, kisha ikawa ndefu, haikatiki, na mlio wake ulizidi kwenda mbali naye. Halafu ikakatika.

Alipofika ukingoni, maji yalikuwa yakichemka mahali pamoja, na reli zilikuwa zimekatwa kama mkate.

Ng'ambo ya pili, chini ya turubai la rangi za taifa, alisimama Waziri na mkasi mkononi. Nyuma yake bendi ya watu thelathini ilikuwa imeinua tarumbeta. Hakuna aliyesogea. Kiongozi wa bendi alimgeukia Bwana Kitundu, ambaye uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi zake. Bwana Kitundu alitazama mto, akamtazama Waziri, kisha akatazama saa ya mkononi.

"Saa nne kamili," alisema. Maji yalikuwa yametulia, na sauti ilivuka vizuri. "Imefika kwa wakati. Pigeni."

Bendi ikapiga. Waziri akakata utepe. Alisoma hotuba ya kurasa kumi na nne ya kuwakaribisha abiria, akatua kila palipoandikwa kwamba atatua ili ashangiliwe, na wale waliomzunguka wakashangilia. Upande wa huku Sefania alikuwa ameinama kwenye majani, akitapika.

Jioni Sefania, Bi Mwantumu na wanaume wa kijiji walimtoa Damasi kwa kamba. Alikuwa bado ndani ya chumba cha dereva. Nta nyekundu ilikuwa imepasuliwa yote. Chini ya nta palikuwa na waya wa chuma uliozungushwa mara tisa na kukazwa kwa koleo, kwa kuwa Idara ya Nidhamu haikuiamini nta. Damasi alikuwa amekata mizunguko sita. Vidole vyake Sefania alivifunika kwa shati lake mwenyewe, kabla Leokadia hajafika.

*

Wiki iliyofuata Bwana Kitundu alikuja Kisiki kwa gari, akiwa na faili jembamba. Alimkuta Sefania jukwaani, akakataa kiti alichopewa, akaanza kusema upesi upesi.

"Ndugu Mbelwa, mambo yamepangika vizuri. Treni ilivuka. Sasa treni haiwezi kuvuka bila dereva, na aliyeandikwa Jumanne ni wewe. Unasaini hapa kwamba uliivusha, adhabu inafutwa, unarudi kwenye injini. Zimebaki tatu, lakini moja ni yako."

"Na Damasi?"

"Luhende amehamishwa."

"Amehamishwa wapi?"

Bwana Kitundu alikodolea macho faili. "Stesheni ya mbele."

"Nimemzika Jumapili, bwana. Nimechimba kaburi kwa mikono hii."

"Mimi sijui habari za Jumapili, si siku ya kazi." Alisogeza kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza Sefania aliona kwamba mtu huyu halali vizuri. Hilo halikumfanya amwonee huruma. Lilimtia kinyaa zaidi, kwamba anajua, na bado kalamu ameisogeza. "Saini, ndugu yangu. Ni amri."

"Amri nimeisikia," alisema Sefania. "Sisaini."

Bwana Kitundu akafunga faili, akaondoka. Sefania akafukuzwa hata ufagizi. Tangazo lilisema amejiuzulu kwa furaha.

Hakuondoka Kisiki. Alipanga chumba nyuma ya soko, akawa anatengeneza baiskeli na mashine za kusaga. Abiria wale walikwisha kutawanyika, wengi kwa miguu. Shomvi alipita siku moja, akamwona, akavuka barabara. Leokadia alijifungua mtoto wa kike katika nyumba ya shirika, ambayo hakuondolewa, kwa kuwa kwenye vitabu mumewe bado alikuwa mtumishi.

Miezi mitatu baadaye alimfuata Sefania na bahasha yenye muhuri, mtoto mgongoni.

"Shemeji, nisomee hii. Nimeisoma mwenyewe mara mbili, naona kama macho yangu yana kasoro."

Ilikuwa barua ya Idara ya Nidhamu kwa Dereva D. Luhende. Ilimpongeza kwa utii wake wa mfano siku ya Jumamosi ile. Halafu, katika aya ya pili, ilimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini tangu siku hiyo hajaripoti kazini. Chini palikuwa na mistari mitupu ya kujaza maelezo.

"Macho yako ni mazima," alisema Sefania.

Alikaa na ile karatasi muda mrefu, mafuta ya mnyororo wa baiskeli yakiiachia alama za vidole. Alifikiri kuandika habari za nguzo ya pili. Alifikiri kuandika habari za waya. Mwishowe alimuuliza Leokadia kama anaruhusu, Leokadia akaitikia kwa kichwa, naye akaandika neno moja kwenye mstari wa kwanza: Alitii.

Jibu lilirudi baada ya siku kumi, upesi kuliko barua yoyote iliyowahi kutumwa katika nchi ile. Maelezo hayakupokelewa. Yalikuwa yamejazwa na mtu asiyehusika, karatasi ilikuwa na madoa, na mhusika alitakiwa kufika mwenyewe makao makuu ndani ya siku saba, akiwa amevaa tai.

Leokadia aliisoma akiwa amesimama jikoni. Mtoto alikuwa analia kwa njaa na kuni zilikuwa mbichi. Akaikunja barua mara mbili, akaisukuma chini ya sufuria, akawasha kiberiti.